Maji Hayabishi Hodi

Juma hili nimeazimia kuyaweka kando mashairi na mambo ya lugha, nizungumze juu ya bafu. Najua yuko atakayecheka, aseme leo mzee ameishiwa na maneno. Na acheke. Lakini katika nyumba ya Mwislamu bafu si chumba cha kudharauliwa. Huko ndiko inakoanzia tohara, na pasipo tohara hapana sala. Isitoshe, nyumba zetu za Mji wa Kale hapa Mombasa zimeegemeana na kupandana, ya huyu juu ya ya yule, hata maji anayooga mmoja yakikosa njia huwa ni msiba wa mwenziwe. Nami msiba wa namna hiyo niliufanya mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili.

Nyumba ninamokaa ni ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na mimi niko gorofani. Chini anakaa bibi mmoja mjane, mtu mzima aliyenipita umri kwa miaka mingi, ambaye mtaa mzima twamwita Bi Mkubwa. Alhamisi moja baada ya alasiri alimtuma mjukuu wake: "Nyanya asema, ukipata nafasi ushuke."

Nikashuka. Nikakaribishwa kwa chai na mahamri, nikaulizwa hali ya watoto, ya mke, ya kazi, hata ya paka. Mwisho akasema, "Mwanangu, kuna kitu nataka kukuonyesha, wala usikasirike." Akanipeleka chumbani kwake. Nilipoinua uso nikaona dari imefanya doa kubwa la rangi ya chai, chokaa imebanduka, na kutoka kichwa cha boriti moja tone la maji linakua, linaning'inia, kisha linaanguka ndani ya sufuria. Msala wake haukuwapo mahali pake nilipouzoea. Nilimuuliza anasali wapi.

"Mara ya kwanza nalisogea kidogo," akasema. "Mara ya pili nikaja hapa karibu na mlango. Sasa nasali ushorobani."

"Mbona hukuniambia, Bi?"

"Nalikuona umevifurahia vigae vyako."

Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke. Miezi miwili mama yule alikuwa akiuhamisha msala wake kukimbia maji yangu, na mimi juu kule nawaalika marafiki waje walitazame bafu langu jipya!

Chuoni tulifundishwa kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kwa hivyo asiyejua kwa hakika kuwa tone limebeba najisi hana lazima ya kulihukumu kuwa ni najisi. Bi Mkubwa analijua hilo kuliko mimi. Lakini mtu aliyezilinda sala zake umri wote hapendi kukaa katika shaka, na aliyemtia katika shaka hiyo ni jirani yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokea wasia wa Jibrili juu ya jirani mara kwa mara hata akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi. Na iko hadithi nyingine, iliyopokewa na Abu Huraira, inayokataza mtu kumzuia jirani yake asichomeke mti katika ukuta wake. Sisi wa Mji wa Kale hadithi hiyo twaishi ndani yake, kwani boriti zetu zimelala katika kuta za wenzetu. Jirani amekubali kuubeba mti wangu. Je, yampasa aubebe na uozo wangu pia?

Hebu sasa niwaeleze nilivyokosea, maana naona katika mitaa yetu wengi wako katika njia hiyo hiyo. Vigae siku hizi vinauzwa kila pembe, vya kila rangi, na kijana wa dukani hukwambia kazi ni nyepesi, hata wewe mwenyewe utaiweza. Nami nikajisemea, mtu anayeweza kupanga mizani na vina atashindwaje kupanga vigae? Nikanunua mwiko, pima maji, simenti na mchanga. Nikaikwaruza sakafu ya zamani ya chokaa, nikamwaga juu yake tabaka la simenti, nikapiga mafungu ya simenti nyuma ya kila kigae, manne pembeni na moja katikati, nikavibandika. Mianya nikaijaza simenti nyeupe. Baada ya siku mbili nikaoga. Lo! Palikuwa pakimeta kama sahani ya kaure.

Fundi niliyemwita baada ya siku ile ya aibu ni mzee aliyezeeka na kazi ya uashi, aliyeanzia kwenye chokaa kabla ya kufika kwenye simenti. Hakusema neno. Alichukua sarafu akawa anagonga kigae kimoja kimoja, na akatwambia tusikilize. Hapa ko, pale ko, pengine to, to, to, kama mtungi mtupu. "Huku kote ndani mna uwazi," akasema. "Maji yameshafanya makao." Kisha akaniuliza, "Ulipaka nini chini ya vigae?" Nikamjibu sikupaka kitu, kwani vigae si ndivyo vinavyozuia maji? Akatabasamu. "Bwana mshairi, kigae ni nguo. Kanzu haizuii mvua. Na maji hayabishi hodi. Yaonapo upenyo huingia."

Msomaji, ukikumbuka jambo moja katika makala haya, kumbuka hili. Kigae hakizuii maji kuingia sakafuni, na wala hakikukusudiwa kazi hiyo. Ni kweli kigae chenyewe ni kigumu. Vile vizuri vya kaure havinywi maji hata ya nusu ya asilimia moja ya uzito wao. Lakini bafu halina kigae kimoja, lina mianya mingi baina ya vigae, na ile simenti ya mianya hunywa maji. Yakishaingia, hupanda na kutambaa katika vitundu vidogo vidogo kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Hutembea chini ya vigae mpaka yaone mteremko, ufa, au kichwa cha boriti. Kwa hivyo pale yanapodondoka chini huenda si pale yalipoingilia juu. Aliyeziba ufa anaouona ameziba mlango wa kutokea, na mlango wa kuingilia ungali wazi.

Kosa langu la pili lilikuwa uzito na ugumu. Sakafu ya boriti si zege. Hunepa kidogo mtu apitapo. Simenti ngumu ikikaa juu ya kitu kinachonepa hufanya ufa, na ufa huo huanzia pembeni, pale ukuta na sakafu zinapokutana. Tena tabaka la simenti la unene wa sentimita 5 lina zaidi ya kilo 100 katika kila mita mraba moja. Bafu langu ni mita 2 kwa mita moja na nusu. Fanya hesabu: nilizipandisha boriti za watu zaidi ya kilo 300, kama kwamba nimewaweka watu wanne wazima wasimame bafuni usiku na mchana.

La tatu ni chumvi. Maji niliyokorogea simenti yalikuwa ya kisima, na visima vyetu vingi vya kisiwani vina chumvi. Na mchanga nilionunua kwa bei ya kutupa sikuuliza umetoka wapi. Mchanga wa pwani una chumvi ya bahari. Chumvi huvuta unyevu hata siku isiyo mvua, na maji yakaukapo ukutani huiacha nyuma, ikawa unga mweupe unaosukuma rangi na lipu mpaka zibanduke. Wengi huuona unga huo wakaufagia, wakapaka rangi mpya. Wiki mbili tu, umerudi.

Sasa utauliza, wazee wetu walifanyaje, na wao walikuwa na bafu za gorofani kabla ya simenti haijajulikana hapa? Maana jambo hili si geni kwetu. Nenda Gede, mji ulioachwa na watu karne ya 17, ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948 na ambao mwaka 2024 umeingizwa katika urithi wa dunia: humo majumbani utaona vyoo na mahali pa kujitwaharishia. Nenda Lamu, katika nyumba za karne ya 18, utaona birika la maji ndani ya choo, mara nyingine na sahani ya kaure imetiwa chini yake, na samaki wadogo humo wa kula viluwiluwi vya mbu. Watu wale hawakuyaogopa maji. Waliyaheshimu.

Siri yao ilikuwa chokaa na subira. Matumbawe huchomwa katika tanuri ya kuni mpaka yakawa chokaa, kisha huzimwa kwa maji, ikaachwa ikae. Ikishapakwa hukauka polepole, kwani hugeuka kuwa jiwe tena kwa kuvuta hewa ya kaboni. Sakafu ilipigwa kwa vigongo siku nyingi mpaka ikashikamana, na birika likasuguliwa mpaka likalainika kama kioo. Chokaa ni laini kuliko simenti. Nyumba ikitikisika nayo hufuata. Tena hupumua: unyevu ulioingia ukutani hutoka. Na bafu lenyewe lilikuwa la kata na birika, si la shawa inayomwaga maji robo saa nzima. Maji yalikuwa machache, na sakafu ilipata nafasi ya kukauka.

Sisi tumebadilisha mambo mawili kwa pamoja. Tangu kiwanda cha simenti cha Bamburi kilipoanza kazi mwaka 1954, simenti imekuwa karibu na mkono wa kila mtu, nasi tukaacha kuchoma chokaa. Kisha tukaleta bomba na shawa. Tumeongeza maji, tumepunguza pumzi ya ukuta, halafu twashangaa nyumba ikioza. Sisemi turudi kwenye kata. Lakini anayetaka mambo ya kisasa na ayachukue yote, pamoja na kinga yake, asichukue mapambo peke yake.

Basi fundi alivunja. Vigae vyangu vikatoka kama magamba ya samaki, na chini yake maji yamesimama, yananuka. Boriti mbili vichwa vyake vilikuwa vimeoza ukutani, ukichoma kisu kinazama. Zikabadilishwa, na dari ya Bi Mkubwa ikategemezwa kwa nguzo muda wote wa kazi. Baada ya hapo nikakaa kama mwanafunzi, nikaandika kila alichofanya. Ninayatoa hapa kwa atakayefaidika.

Kwanza ni mteremko. Sakafu ya bafu lazima ielekee mdomo wa bomba la kutolea maji, kadiri ya sentimita 2 kwa kila mita. Mteremko huu hufanywa katika tabaka la chini, si kwa kuinamisha vigae juu. Tabaka lenyewe liwe jembamba iwezekanavyo, la fungu moja la simenti kwa mafungu matatu au manne ya mchanga safi wa mto, na maji yasiyo chumvi. Likishamwagwa hutunzwa kwa unyevu siku 7, ndipo likaachwa likauke. Hapa ndipo haraka ilipotumaliza wengi wetu.

Pili ni kinga, ile dawa ya kuzuia maji ambayo mimi sikuipaka. Ziko za namna nyingi madukani. Fundi wangu alichagua ile inayokauka ikabaki na unyumbufu kama mpira, kwa sababu ya boriti zetu. Kabla ya kupaka sakafu nzima alianza na sehemu tatu anazosema ndizo zinazovuja zaidi: pembe za ukuta na sakafu, kuzunguka mdomo wa bomba, na pale mabomba yanapotoboa ukuta. Kila pembe alilaza kitambaa cha wavu ndani ya dawa mbichi, kama mtu anayefunga bendeji. Kisha akapaka sakafu yote tabaka la kwanza, likakauka, akapaka la pili kwa kulikata la kwanza, msalaba wake, ili palipokosa brashi ya mwanzo papatwe na ya pili. Dawa ikapanda ukutani sentimita 20 kuzunguka chumba, na penye shawa ikapanda mita 2. Kizingiti nacho kikapakwa, juu na pande zake mbili.

Kuta zile nyingine, zisizorushiwa maji, alizirudishia lipu ya chokaa wala hakuzigusa kwa simenti. "Ukiufunga ukuta wa matumbawe pande zote," akasema, "utakuwa kama mtu aliyezibwa pua na kinywa." Ukuta wa nje vile vile ukabaki wa chokaa, upate kutoa unyevu wake upande wa upepo.

Tatu ni mtihani, na mtihani huu hufanywa kabla ya kigae hata kimoja kuwekwa. Aliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa na plastiki, akamimina maji mpaka kizingitini, akachora kwa penseli mstari ukutani pale maji yalipofika. Ilikuwa baada ya alasiri. Akasema hatagusa kitu mpaka alasiri ya kesho, yaani saa 24 kamili. Usiku ule sikulala. Nilishuka chini mara mbili na tochi, na mara zote mbili nilimkuta Bi Mkubwa naye yu macho, ameketi kitandani anaitazama dari huku anavuta tasbihi.

Kesho yake tukasimama sote watatu chumbani kwake. Fundi hakutaka kusema mwenyewe. Akamwambia, "Tazama wewe, Bi." Akapanda juu ya kigoda, tukamshika mikono, akapapasa boriti mpya kwa kiganja chake, kichwa hata kichwa. "Pakavu," akasema. Juu bafuni maji yalikuwa hayakushuka penseli.

Ndipo vigae vikaja. Gundi ya vigae ilitandazwa kwa mwiko wa meno sakafu nzima, wala haikupigwa mafungu mafungu kama nilivyofanya, ili chini ya kigae pasibaki pango la maji kukaa. Mianya baina ya vigae ikaachwa milimita 3, ikajazwa baada ya siku moja. Lakini pembeni, pale ukuta na sakafu zinapokutana, hakutia simenti hata kidogo. Alitia silikoni, ambayo hunyumbuka nyumba inapotikisika. Silikoni hiyo haidumu milele, na mwenye nyumba inampasa kuitazama kila mwaka, na ikianza kubanduka aikwangue aitie upya. Tukakaa wiki nzima bila ya kuoga humo.

Mtu atauliza, je, basi kazi hii asiifanye asiyekuwa fundi? Sisemi hivyo. Kupanga vigae kunafundishika, na mwenye nyumba ya chini, ambaye maji yake yataishia ardhini, akikosea atapata hasara yake mwenyewe. Lakini anayekaa juu ya kichwa cha mtu mwingine hana ruhusa ya kujifunzia kazi juu ya dari ya jirani. Akitaka kufanya kwa mkono wake, vigae na avipange yeye. Mteremko, kinga na ule mtihani wa saa 24 avipeleke kwa anayejua, na jirani wa chini aitwe ashuhudie. Na sisi tunaokaa chini tusinyamaze kwa haya. Heshima ya Bi Mkubwa ilikuwa heshima kweli, lakini laiti angenituma mjukuu wake siku ile ya tone la kwanza, zile boriti mbili huenda tungaliziwahi.

Na anayeishi katika nyumba kama hizi na ajue dalili zake: kigae kinacholia utupu, mwanya unaobaki mweusi hata bafu likikauka, unga mweupe ukutani, harufu ya udongo chumbani asubuhi. Ukiona moja katika hizo usinunue rangi. Panda juu, zungumza na mwenzio.

Katika zile siku za kungojea simenti ikauke nilitunga ubeti mmoja, nikambandikia fundi kwenye sanduku lake la vyombo:

Kigae pambo machoni, si kizuizi cha maji,
Kinga iweke kwa chini, ewe fundi mjengaji,
Umuhifadhi jirani, ndiye wa kwanza mtaji,
Kazi njema i fichoni, haitaki msemaji.

Bafu langu la sasa si zuri kama lile la kwanza. Vigae ni vyeupe vitupu, kwani fedha za maua ziliishia kwenye boriti. Sijamwalika mtu kulitazama. Lakini Ijumaa iliyopita nilishuka kumpelekea Bi Mkubwa sahani ya pilau, nikamkuta ndio kwanza atoe salamu ya adhuhuri. Msala ulikuwa mahali pake pa zamani, chini ya dirisha, na ile sufuria ilikuwa jikoni ikipikiwa maharage.